Hosi Haiwezi Kukufungia Juu ya Bili, na Korti Ilishasema

Kama umetoka Matinyani hii stori unaijua. Msee ameanguka na boda akienda Kitui mjini, amelazwa, amepona, daktari ameandika aende home. Lakini soja wa geti anataka risiti. Kwa grupu ya WhatsApp ya ukoo mchango unaanza, mia mbili mia mbili, na huku kitanda kinahesabiwa kila siku. Yaani mtu ni mzima na bili bado inapanda! Hiyo hesabu haijawahi kuniingia.

Sasa shika hii: deni la hosi ni deni kama lile la duka. Mwenye duka hakufungii stoo hadi ulipe. Akitaka doh yake, anakupeleka kortini.

Na hii si maneno yangu. Mwaka 2010 mathe wawili walizuiliwa Pumwani, ile hosi ya kujifungua pale Nairobi, juu hawakuwa na ganji ya kulipa. Mmoja alilala sakafuni, karibu na choo chenye kilikuwa kinafurika, na ametoka tu kuzaa. Walienda Korti Kuu. Mwaka 2015 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba kuwazuilia kulivunja haki zao za Katiba. Mmoja akapewa fidia ya milioni 1.5, mwingine laki tano. Imagine bili ya kujifungua imezalia mwenye kudai deni la milioni mbili.

Hata maiti. Mwaka 1998, kwa kesi ya hosi moja ya Mombasa, korti ilisema hakuna sheria inaruhusu mwili wa marehemu ushikwe kama rehani ya bili. Hapo wengi hunyamaza juu ya msiba, na mochari nayo inaendelea kuhesabu siku.

Kukataliwa mlangoni je? Katiba, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikaongeza meno: hosi yenye uwezo wa kukuhudumia ikikataa, iwe ya serikali ama ya mtu binafsi, inaweza kupigwa faini ya hadi milioni 3. Kama hawana vifaa, kazi yao ni kukutuliza kwanza halafu wakupangie hosi ingine. Lakini usijidanganye. Dharura ni ile hali ukiachwa utakufa ama utazidiwa. Goti lenye limekuuma tangu Januari, hapo wana ruhusa kukuitisha depo.

Na karatasi ni karatasi. Oktoba 2015, miaka mitano baada ya Katiba mpya, jamaa aliyegongwa na gari alikaa masaa 18 kwa ambulensi Nairobi akitafutiwa kitanda cha ICU. Alifariki. Kwa hivyo kujua tu haitoshi, lazima uulize kwa sauti.

Ukishikwa, usibishane na soja, yeye ametumwa tu. Tafuta msimamizi wa hosi, halafu ofisi ya soshoweka. Hosi za serikali huwa na weiva, msamaha wa bili kwa wenye hawajiwezi, lakini usipoomba ni nadra mtu akuletee kitandani. Kama unaweza kulipa polepole, andika ahadi: kiasi gani, kila mwezi, na sahihi. Ukweli ni kwamba deni halifutiki juu umetoka. Wanaweza kukushtaki, hata kwa korti ya madai madogo, ile ya kesi zisizozidi milioni moja.

Wakikaza bado, Katiba kifungu cha 22 inakuruhusu kwenda Korti Kuu juu ya haki zako bila kulipa ada ya kufungua kesi, na korti inaweza kukubali hata barua ya kawaida. Ndugu yako anaweza kukuendea ukiwa bado ndani. Huhitaji kufika Nairobi, Kitui mjini kuna Korti Kuu.

Kitu cha kwanza kabisa, kabla hata ya kupigia mtu simu: piga picha ile karatasi ya daktari ya kukuruhusu, tarehe ionekane vizuri. Kila siku baada ya hiyo tarehe, wewe si mgonjwa tena, umezuiliwa.