Diski za Zamani na Mashine za Kuzisomea

Kilichoandikwa kwenye karatasi husomwa na kila mwenye macho. Kilichoandikwa kwenye diski ya sumaku hakisomeki mpaka ipatikane mashine inayoafikiana nacho. Hiyo ndiyo taabu inayozipata familia, shule na ofisi zilizohifadhi hesabu, barua na orodha za majina katika diski za miaka ya 1980. Diski zipo, lakini kiendeshi, yaani kile chombo chenye mdomo kinachomeza diski na kuisoma, kimekufa au kimepotea.

Mudende, katika vilima vya kaskazini-magharibi mwa Rwanda, zamani Gisenyi na leo wilaya ya Rubavu, ni mahali pa kufaa kulifikiria jambo hili. Chuo Kikuu cha Waadventista cha Afrika ya Kati kilifunguliwa hapo mwaka 1984, wakati ambapo kompyuta za nyumbani zilikuwa zikienea Ulaya na Marekani. Mwezi Aprili 1994 Watutsi waliokimbilia chuoni humo waliuawa, na baadaye chuo kikahamia Kigali. Anayeyajua hayo hahitaji kuelezwa thamani ya orodha moja ya majina, iwe kwenye karatasi au kwenye sumaku.

Kwa nini vya kampuni nyingine?

Kompyuta za kwanza za nyumbani, kama Apple II ya mwaka 1977, BBC Micro ya 1981 na Commodore 64 ya 1982, aghalabu ziliuzwa bila kiendeshi. Wengi walihifadhi kazi zao katika kaseti za kawaida za redio. Kiendeshi kilikuwa ghali, na ndiyo sababu kampuni nyingine zikaingia sokoni: Cumana ikatengeneza vya BBC Micro, na MSD vya Commodore. Katika Afrika ya Mashariki mashine hizo zilikuwa chache. Tanzania, mathalan, ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974.

Leo sababu ni nyingine. Viendeshi vya asili vimezeeka: mikanda ya mpira imelegea na vichwa vya kusomea vimechafuka. Hapana budi kutafuta badala yake.

Waya thelathini na nne

Mwaka 1976 kampuni ya Shugart ya Marekani ilitoa kiendeshi cha diski za inchi 5.25, na mpango wake wa waya 34 ukaigwa na wengi. BBC Micro na Amstrad hufuata mpango huo, ingawa BBC Micro ilihitaji kwanza kutiwa chipu ya kuongozea diski. Katika mashine za namna hii akili yote imo ndani ya kompyuta. Kiendeshi hutii amri tu. Kwa hiyo cha kampuni nyingine chaweza kufaa, maadamu mambo matatu yamezingatiwa.

La kwanza ni namba. Kama askari kwenye gwaride, kila kiendeshi huitika kwa namba yake. Viendeshi vya kompyuta za jamii ya IBM hupangwa kuitika namba ya pili, na waya uliosokotwa katikati ndio unaotenganisha cha kwanza na cha pili. Kikifungwa kwa waya ulionyooka kwenye kompyuta ya zamani inayoita namba ya kwanza, hakuna atakayeitika. Dawa yake ni kubadili kipini cha namba au kutumia waya uliosokotwa.

La pili ni waya wa 34 wenyewe. Katika viendeshi vingi vya zamani waya huo hutoa habari kwamba kiendeshi kiko tayari. Katika vya jamii ya IBM hueleza kwamba diski imebadilishwa. Amstrad hungoja kuambiwa "tayari", na isipoambiwa haisomi kitu.

La tatu, na lenye hatari kuliko yote, ni umeme. Viendeshi hutumia volti 5, na vingi vya zamani hutaka pia volti 12. Katika Amstrad CPC 6128 ya mwaka 1985, nafasi za volti hizo mbili katika kiungo cha kiendeshi cha ndani ni kinyume cha zile za viendeshi vya kawaida vya inchi 3.5. Anayepachika bila kupima huunguza kiendeshi papo hapo.

Vyenye akili yake

Commodore 64 ni habari nyingine. Kiendeshi chake, 1541, kina kompyuta ndogo ndani yake, nacho huzungumza na mashine kubwa kwa waya mwembamba. Kiendeshi kitupu cha waya 34 hakiwezi kufungwa hapo. Cha kampuni nyingine nacho lazima kiwe na programu yake ya ndani, na pale programu hiyo inapotofautiana na ile ya Commodore, baadhi ya diski hukataa kusomwa.

Apple II nayo ina njia yake. Kiungo chake cha pini 20 hakizuii makosa: kikiingizwa kwa kuruka pini, chipu huungua. Kwa mashine zote kanuni ni moja: umeme uzimwe kabla ya kuunga au kuchomoa.

Kuokoa kwanza

Baridi na unyevu wa nchi za milimani huleta ukungu juu ya diski. Diski yenye ukungu isiingizwe katika kiendeshi, maana itachafua kichwa, na kichwa kichafu kitakwaruza diski zinazofuata. Iachwe ikauke, isafishwe taratibu na mtu ajuaye. Diski zote ziwekwe pakavu, mbali na spika za redio.

Kiendeshi kigeni kijaribiwe kwanza kwa diski isiyo na thamani. Kisha diski muhimu izuiwe isiandikwe: ya inchi 5.25 kwa kuziba pengo lake la pembeni kwa karatasi ya gundi, ya inchi 3.5 kwa kuliacha tundu lake wazi. Siku hizi kipo kifaa kidogo kiitwacho Greaseweazle, kinachounganisha kiendeshi cha waya 34 na kompyuta mpya na kunakili alama za sumaku kama zilivyo. Kipo pia Gotek, kinachokaa mahali pa kiendeshi na kusoma nakala kutoka katika kijiti cha kumbukumbu.

Sony iliacha kuuza diski za inchi 3.5 nchini Japani mwaka 2011. Sumaku nayo hufifia kila mwaka. Nyumba yenye diski za baba aliyestaafu, au za ndugu asiyekuwepo tena, isingoje. Zinakiliwe zingali zikisomeka, na nakala ziwekwe mahali pawili.