Waya Ambao Taa Haiutangazi

Mtu wa Izia akimaliza nyumba yake ya matofali ya kuchoma, siku ya furaha ni ile taa inapowaka. Majirani huitwa, redio hufunguliwa, fundi hupewa haki yake akaenda zake. Hatuna neno juu ya furaha hiyo. Neno letu ni juu ya waya wa ethi, ule wa kijani na njano.

Umeme ufikao soketini ni wa volti 230, nao huua. Waya wa moto uliochubuka ukigusa bati la pasi, ethi huupa umeme huo njia ya kutokea, breka ikaanguka. Ethi isipokuwapo, pasi huendelea kunyoosha nguo vizuri kabisa, huku ikingoja mkono wa mtu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza wakiwa na uhaba wa shaba, walianza kufunga soketi kwa mtindo wa pete: nyaya hutoka kwenye sanduku la breka, hupita soketi zote, kisha hurudi palepale. Mtindo huo tuliurithi pamoja na plagi ya miguu mitatu. Uzuri wake ndio hila yake. Ethi ikikatika mahali pamoja, kila soketi huipata kwa upande wa pili. Ikikatika mahali pawili, soketi za katikati hubaki yatima, wala hakuna taa itakayozimika ili kutoa habari.

Dawa ni kupima. Umeme ukiisha kukatwa kwenye swichi kuu, fundi huzifungua ncha za pete, akapima waya wa moto, nyutro na ethi, kila mmoja toka ncha hata ncha. Katika pete ya mita 40, waya wa moto wa milimita mraba 2.5 utasoma karibu omu 0.3, na ethi ya 1.5 karibu omu 0.5. Kisha huunganisha waya wa moto wa ncha moja na ethi ya ncha ya pili, na zilizobaki vivyo hivyo, akazunguka soketi zote. Kila moja katika pete yapasa isome karibu omu 0.2. Inayozidi sana ina kiungo kilicholegea, au imefungwa pembeni kwa tawi.

Hata pete ikiwa nzima, iko fito ya shaba iliyochimbiwa nje. Mwezi wa Septemba udongo wa Ufipa umekauka, na fito hushika ardhi kwa udhaifu kuliko wakati wa mvua. Basi nayo ipimwe kiangazi, na nyumba iwe na breka inayohisi umeme unaovuja, kwani fyuzi peke yake huenda isikatike.

Lawama hatuwatwiki mafundi peke yao. Mwenye nyumba asemaye, "Washa kwanza, hayo mengine baadaye," naye ni mshiriki. Ndugu, mtafute fundi mwenye leseni ya EWURA, na kabla ya kumlipa fungu la mwisho, mwambie apime mbele yako, soketi kwa soketi, akuandikie tarakimu zote kwenye karatasi.