Dereva mpya wa lori asifichwe mkwaruzo wake, wala asiufiche

MATENGA ya nyanya yakishapangwa kwenye lori pale Ilula mkoani Iringa, mwenye mali hubaki na wasiwasi wa mambo mawili: bei atakayoikuta sokoni Dar es Salaam, na mtu aliyekaa nyuma ya usukani. La kwanza hana uwezo nalo. La pili angeweza kuuliza mapema, lakini wengi hawaulizi mpaka mzigo umelala mtaroni.

Madereva wengi wa mazao walianza kama utingo. Walifunga turubai, wakabadili matairi, wakaruhusiwa kusogeza gari uwanjani, kisha siku moja wakakabidhiwa ufunguo. Leseni wanayo, na kuendesha wanajua. Kinachowakosa ni kuzoea urefu wa gari, upana wake na uzito ulio nyuma yao.

Ndiyo maana ajali za miezi ya kwanza hufanana. Lori linaingia getini, kichwa kinapita salama, nguzo inang'olewa na tairi la nyuma. Matairi ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele. Hukata kona kwa ndani, na kadiri gari linavyokuwa refu ndivyo yanavyokata zaidi. Dereva hana budi kutanua kwanza, kisha akate kona huku akitazama kioo cha pembeni hadi mkia upite. Mkia nao huyumba upande wa pili, na hapo ndipo meza ya mama ntilie inapokwenda.

Kurudi nyuma kuna hasara zake. Sokoni watu kumi hupiga kelele "njoo, njoo", kila mmoja na njoo yake. Anayetakiwa kuelekeza ni mtu mmoja, asimame mahali anapoonekana kwenye kioo, na akitoweka gari lisimame papo hapo. Kushuka kutazama kunachukua dakika moja.

Mikwaruzo ya namna hii hulipwa kwa fundi wa kuchomelea na yakaisha. Tatizo ni ile isiyosemwa. Mwenye gari akiwa na desturi ya kukata mshahara kwa kila doa, kijana hujifunza haraka sana kunyamaza. Anapanda jiwe usiku, tairi linachanika ubavuni, anapaka tope na kuendelea na safari. Ubavu wa tairi hauzibwi kama msumari ulivyoingia kwenye kashata. Ukibeba mzigo mzito kwenye lami yenye joto, unaweza kupasuka, na likiwa ni tairi la mbele usukani huvutwa upande mmoja kabla dereva hajajua kilichotokea. Vivyo hivyo bomba la upepo wa breki lililoguswa na kisiki, au jani la springi lililopasuka mtaroni.

Na kutoka Ilula kwenda Dar es Salaam lazima gari literemke Kitonga. Hapo harufu ya breki ihesabiwe kuwa ajali ndogo, hata kama hakuna kilichogongwa. Dereva anayekandamiza breki mfululizo huzipasha moto mpaka zinapoteza nguvu ya kushika. Gia nzito huchaguliwa juu, kabla mteremko haujaanza, injini ikazuia gari, na breki ikanyagwa kwa vipindi. Wale wanaotembeza gari fri ili kuokoa dizeli wanahatarisha mzigo mzima, pamoja na roho zao. Kijana aliyesikia harufu hiyo mara moja na akaisema, anaweza kuelekezwa. Aliyefungua dirisha ili itoke ataisikia tena.

Kwa hiyo mwenye gari anafaidika zaidi na daftari la shule kuliko makato. Iandikwe tarehe, mahali, gari lilikuwa tupu au limebeba, ilikuwa usiku au mchana, nani alikuwa akielekeza. Baada ya safari kadhaa huenda ikaonekana kwamba hasara nyingi hutokea wakati wa kupakua usiku, na dawa yake ni taa ya nyuma, si kumfukuza mtu. Makato, kama lazima yawepo, yawe kwa kilichofichwa.

Mwenye mzigo naye asijitoe. Matenga ya juu aliyobembeleza yaongezwe ndiyo yanayokamata matawi na nyaya, kwa sababu dereva mgeni anakumbuka kimo cha gari likiwa tupu. Tena ajue kwamba bima ndogo, ile ya lazima, hulipa madhara ya watu wengine; hailipi lori lenyewe wala nyanya zilizomo. Mzigo huhitaji bima yake ya safarini. Kama haipo, makubaliano ya nani atabeba hasara yaandikwe na kusainiwa kabla ya tenga la kwanza kupanda, na matairi yazungukiwe yote, ubavu wa ndani pia, kwa tochi.