Kisima Kinaponuka Petroli



Ndugu Waislamu, tumeulizwa na kamati ya msikiti mmoja swali ambalo hatukuona vyema kulijibu kwa haraka. Kisima cha msikiti huo kimepakana na kituo cha mafuta. Tangu mvua za masika, baadhi ya waumini husikia harufu ya petroli wanapotawadha alfajiri, kisha siku nyingine harufu hutoweka. Je, maji hayo yanafaa kwa udhu? Na majirani wanaokuja na ndoo zao, waendelee kuyateka?

Fiqhi haikosi mlango wa maji. Tangu Masahaba (R.A.) walipouliza habari za kisima cha Budhaa mjini Madina, wanazuoni wametazama rangi, ladha na harufu. Katika suala la udhu mjadala ni iwapo kilichoingia kimeyabadilisha maji hata yakavuliwa jina la maji tupu. Lakini kunywa hakupimwi kwa twahara peke yake, kwani kitu chaweza kuwa twahara na kikawa sumu. Ndani ya petroli mna kemikali iitwayo benzeni, ambayo husababisha saratani ya damu. Sheria ya Marekani hairuhusu zaidi ya sehemu 5 katika kila sehemu bilioni moja za maji ya kunywa. Shirika la Afya Duniani limeweka 10. Pua ya mwanadamu haifikii huko. Kwa hiyo, harufu ikitoweka siku mbili tatu, hilo si cheti cha usalama.

Tuzingatie yaliyotokea Red Hill, katika kisiwa cha Oahu, Hawaii. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Jeshi la Wanamaji la Marekani lilijenga huko matangi 20 ndani ya mlima, kila moja likiweza kubeba lita milioni 47 hivi, yakiwa kiasi cha mita 30 tu juu ya hazina ya maji ya ardhini. Mwaka 2014 tangi moja lilivuja takriban lita 100,000. Novemba 2021 mafuta ya ndege yalimwagika tena na kuingia katika kisima kilichohudumia watu wapatao 93,000. Akina mama walisikia harufu jikoni na bafuni. Watoto wakaumwa matumbo na kuota vipele. Kwanza uongozi wa kambi ulisema hakuna dalili za haraka kwamba maji si salama. Siku chache baadaye vipimo vilithibitisha kuwa mna mafuta. Machi 2022 Waziri wa Ulinzi aliamuru matangi hayo yafungwe kabisa. Sisi katika kisa hiki tunastaajabia jambo moja zaidi ya mengine: walionusa ndio walioambiwa wasubiri.

Basi uchunguzi hufanywaje? Huanzia kwenye daftari la kituo: mafuta yaliyopokewa, yaliyouzwa, na yanayoonyeshwa na kijiti cha kupimia tangini. Hesabu ikipungua mwezi hata mwezi, pana sababu ya kulijaribu tangi na mabomba yake. (Mara nyingi bomba ndilo mkosaji, si tangi.) Kisha hutobolewa mashimo membamba kwa keekee ndefu, na udongo wa kila kina hupimwa mvuke wake. Baadhi ya mashimo hufanywa visima vya uchunguzi, visivyopungua vitatu wala visivyokaa katika mstari mmoja, kwa sababu kwa kulinganisha kimo cha maji katika vitatu hivyo ndipo hujulikana maji ya ardhini yanaelekea wapi. Kingine huchimbwa upande yanakotoka maji, ili jirani asiye na hatia asitwishwe mzigo wa mwingine. Petroli ni nyepesi, huelea juu ya maji. Mvua ikiinua maji hayo, nayo hupanda na kushuka. Hapo ndipo tulipofahamu kwa nini harufu ya msikitini huja na kuondoka.

Sampuli hujazwa katika vichupa vya kioo pasipo kubaki hata povu moja la hewa, kwani benzeni hupeperuka, na huwekwa kwenye barafu hadi maabara. Chupa ya soda iliyooshwa haifai.

Wanazuoni wa Kihanafi walitaja harimu ya dhiraa 40 kwa kisima cha kunyweshea mifugo, eneo ambalo mwingine asichimbe akakidhuru. Hekima yake iko wazi. Ila mafuta hufuata mkondo, hayahesabu dhiraa.

Tumeijibu kamati hivi: udhu ufanywe kwa maji mengine, kwani kukiwa na shaka ya madhara kuna nafasi ya kuepuka. Mfereji wa majirani ufungwe leo, wala isingojewe maabara. Na sababu ielezwe mlangoni kwa maandishi makubwa. Kuchemsha maji hayo jikoni si tiba, mvuke wake huvutwa na wapishi. Mwenye kituo aendewe kwa adabu na aombwe daftari lake, na mamlaka za maji na mazingira zipelekewe barua yenye tarehe za kila siku harufu iliposikika. Mzee wa kamati ametuambia tarehe hizo anazo, ameziandika nyuma ya kalenda ya msikiti tangu wiki ya kwanza.