Jino la utoto limeshika nafasi ya mwenzake

Mzazi akimleta mtoto wa miaka saba mwenye gego lililotoboka, ombi lake mara nyingi ni hili: "Daktari, ling'oe tu, si la utoto? Litaota jingine." Litaota, lakini lini, na litapita wapi? Magego ya utoto kwa kawaida hung'oka yenyewe mtoto akiwa na miaka kama 10 hadi 12. Likitolewa akiwa na saba, pengo linaweza kukaa wazi miaka mitatu na zaidi, na meno ya jirani hayatulii penye pengo.

La kwanza kusogea ni gego la miaka sita. Hili huota nyuma ya magego ya utoto bila jino lolote kulipisha, ndiyo maana wazazi wengi hulidhania la utoto na kuliacha lioze. Ni la kudumu, likitoka halirudi. Likikosa jirani mbele yake, huinama na kujongea pengoni. Jino lililokuwa likisubiri ndani ya taya linapopanda, linakuta nafasi imebanwa: linakwama, au linachomoza pembeni, na meno yanapandana.

Kwa hiyo gego la utoto lililooza huzibwa kila inapowezekana. Likiwa halifai tena, daktari hulitoa na kulinda nafasi yake: pete ya chuma huvishwa jino la nyuma, na kitanzi cha waya kilichoungwa kwenye pete hiyo huegemea jino la mbele.

Linaloniuma zaidi ni "meno ya plastiki". Tanzania, Kenya na Uganda bado wapo wanaoamini kwamba uvimbe mweupe kwenye ufizi wa mtoto mchanga ndio unaoleta homa na kuharisha. Uvimbe ule ni chonge ya utoto inayojiandaa kuota. Huchokolewa kwa kisu, msumari au spoku ya baiskeli, pasipo ganzi. Mtoto anaweza kuvuja damu nyingi, kupata tetenasi, hata kufa, na kule kuharisha kwenyewe hakujatibiwa. Akipona, huenda chipukizi la chonge ya kudumu lililo jirani limejeruhiwa. Jino hilo litaota na kasoro, au halitaota kabisa. Mtoto anayeharisha apewe maji yaliyochanganywa na pakiti ya dawa ya chumvi na sukari, aendelee kunyonya, na apelekwe kituo cha afya.

Meno yakishapandana, tiba ni kufunga waya. Waya husukuma jino polepole. Mfupa wa upande linakoelekea hulika, na upande linakotoka hujengeka mwingine. Mwendo wake ni kama milimita moja kwa mwezi, kwa hiyo matibabu mengi huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, mengine zaidi. Kukaza waya kupita kiasi hakuharakishi kitu, na mzizi unaweza kuliwa ukawa mfupi. Kwa muda wote huo miwa na mahindi ya kuchoma hayang'atwi, maana vile vibati vilivyogandishwa juu ya meno hubanduka. Waya ukitolewa, mgonjwa huvaa kifaa cha kuyashikilia meno, hasa usiku, la sivyo hurudi yalikotoka.

Na mwanya? Huo si ugonjwa. Kwa mtoto wa miaka minane au tisa, meno ya mbele ya juu mara nyingi huachana kwa muda, na chonge zikiota hukaribiana yenyewe. Mtu mzima anayeupenda mwanya wake hana haja ya waya.