Kiti kisichokaliwa: Samani na vyungu vinapogeuka sanaa ya mamilioni

MWEZI Aprili 2015, jijini London, kampuni ya mnada ya Phillips iliuza kiti kirefu cha kujinyoosha kwa zaidi ya pauni 2.4 milioni za Uingereza, kiasi kilichopita Sh300 milioni kwa thamani ya wakati huo. Kiti chenyewe, kiitwacho Lockheed Lounge, hakina mto wala kitambaa. Kimeundwa kwa vipande vya bati la alumini vilivyopigwa ribiti juu ya umbo la faibaglasi, mithili ya ubavu wa ndege.

Fundi yeyote wa Gikomba au wa kando ya Barabara ya Ngong, Nairobi, akisikia habari hii atauliza swali la haki: kuna nini katika kiti hicho ambacho hakimo katika changu?

Jibu kwamba matajiri wa ughaibuni hawajui la kufanya na pesa zao halitoshi. Kwa zaidi ya miaka 20 sasa, soko la samani, taa na vyombo vya udongo vinavyonunuliwa kama sanamu limekuwa na kanuni zake, majumba yake ya maonyesho na hata tamasha lake. Maonyesho ya Design Miami, yaliyoanza mwaka 2005 nchini Marekani, hukutanisha wauzaji na wakusanyaji wa kazi hizi. Anayeziona kanuni za soko hilo ataelewa kwa nini mikono iliyo sawa kwa ustadi hulipwa ujira usio sawa hata kidogo.

Kanuni ya kwanza ni uchache. Mbunifu wa Lockheed Lounge, Marc Newson wa Australia, hakusomea useremala bali usonara na uchongaji jijini Sydney. Umbo la awali la kiti hicho alilionyesha mwaka 1986 katika jumba la sanaa, wala si dukani. Baadaye viliundwa viti 10 tu vya kuuzwa, pamoja na vichache vya majaribio. Kiwanda kinachotoa viti 1,000 kwa mwezi huuza kitu cha kukalia. Anayetoa 10 na kuapa kutoongeza cha 11 huuza kitu cha kutafutwa.

Ya pili ni wazo. Mwaka 1981, Ron Arad, mzaliwa wa Israeli anayeishi London, alichukua kiti cha gari kuukuu aina ya Rover na kukifunga kwenye fremu ya mabomba ya chuma. Hakutengeneza kiti wala fremu kwa maana ya kawaida. Alichofanya ni kuvikutanisha. Nchini Brazil, ndugu wawili, Fernando na Humberto Campana, walibuni mwaka 1991 kiti cha vipande vya mbao vilivyogongwa misumari kimoja juu ya kingine, bila mpango unaoonekana, jinsi vibanda vya mitaa ya mabanda hujengwa. Walikiita Favela, jina la mitaa hiyo kwa Kireno. Kwa kuwa kila kimoja huundwa kwa mkono, hakuna viwili vinavyofanana.

Hali ni hiyo hiyo katika taa. Mjerumani Ingo Maurer, aliyefariki mwaka 2019, alibuni mwaka 1994 taa ya kuning'inia iliyoundwa kwa sahani na vikombe vya kauri vilivyovunjwa, vikaonekana kama vinarushwa hewani na mlipuko. Mwanga upo, lakini mnunuzi hakufuata mwanga pekee.

Kanuni ya tatu ndiyo isiyozungumziwa sana, nayo ni kumbukumbu. Mnamo Februari 2009 jijini Paris, kiti kilichobuniwa na Eileen Gray, mzaliwa wa Ireland, kati ya 1917 na 1919, kiliuzwa kwa euro 21.9 milioni, zaidi ya Sh2 bilioni wakati huo. Kilikuwa mali ya mwanamitindo mashuhuri Yves Saint Laurent, aliyefariki mwaka uliotangulia. Aliyekibuni alijulikana, aliyekiagiza alijulikana, na waliokimiliki baadaye walijulikana. Bei hiyo ililipia kiti pamoja na maandishi yote yanayokihusu. Gray mwenyewe hakuonja hata senti yake. Alikuwa amefariki mwaka 1976.

Msomaji asidhani mambo haya ni ya wageni peke yao. Miongoni mwa wafinyanzi wanaoheshimiwa zaidi duniani leo ni Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Alikwenda Uingereza mwaka 1971 kusomea sanaa. Katikati ya mwongo huo alisafiri hadi Abuja, Nigeria, akajifunza kufinyanga kwa mkono bila gurudumu kutoka kwa wanawake wa jamii ya Gbari. Mmoja wa mabingwa wa kituo hicho alikuwa Ladi Kwali, ambaye picha yake imo katika noti ya naira 20.

Utaratibu wa Odundo ungetambuliwa na mfinyanzi yeyote wa kike wa Magharibi mwa Kenya. Hupandisha udongo kidogo kidogo kwa mkono, huukwangua na kuusugua hadi ung'ae, kisha huuchoma bila kuupaka rangi ya kioo. Chombo kikichomwa penye hewa ya kutosha hutoka chekundu mithili ya machungwa. Kikichomwa tena kwa kunyimwa hewa hugeuka cheusi. Shingo hurefuka, tumbo hujaa, mdomo huinama, hata mtazamaji akaona mwili wa mwanamke pale alipotarajia mtungi.

Vyombo vyake vimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, miongoni mwa mengine. Mwaka 2018 aliteuliwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Sanaa za Ubunifu nchini humo, na mwaka 2020 akatunukiwa hadhi ya Dame. Havitekewi maji.

Nchini Afrika Kusini, Andile Dyalvane amefuata njia inayokaribiana na hiyo. Mwaka 2020 alitengeneza viti vya udongo wa kuchomwa vilivyobeba alama alizozibuni kutokana na maneno na mila za Waxhosa. Kabla ya kuvionyesha Cape Town, alivipeleka kwanza kijijini kwao Ngobozana, Rasi ya Mashariki, watu wake wavione kabla ya wanunuzi.

Wapo wanaopinga mkondo huu wote. Hoja yao ni kwamba kiti kisichokalika kimeshindwa kazi, na kwamba kukiita sanaa ni kuficha kushindwa huko. Hoja hiyo ina uzito, ila inasahau kwamba samani za fahari ni za kale. Katika pwani yetu, mafundi wa Lamu, Pate na Siyu waliunda kiti cha enzi cha mpingo kilichotiwa nakshi ya pembe, na kalio la kamba zilizosukwa. Hakikuwa cha kila mtu wala cha kila siku. Kilitengewa mgeni wa heshima, na kikibaki kitupu kilitangaza hadhi ya mwenye nyumba.

Hata hivyo, ni nani aliyeviunda viti hivyo? Vingi vimesimama katika makumbusho vikiwa na jina la mji na karne, bila jina la fundi. Hapo ndipo penye hasara yetu, na inaendelea hadi leo. Sanamu za mawe za Tabaka, Kisii, na vinyago vya Wamunyu, Ukambani, husafirishwa kwa makasha. Aliyechonga hulipwa kwa idadi, na kazi yake hufika dukani ng'ambo ikiwa na kibandiko cha nchi pekee.

Sheria imejaribu kusaidia. Marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2019 yaliingiza nchini haki ya msanii kulipwa asilimia 5 ya bei kazi yake inapouzwa tena kibiashara. Lakini atalipwa vipi ambaye hakuna anayejua kwamba kazi ni yake?

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Katika soko hili kizuri hakijiuzi. Huuzwa na sahihi iliyo chini ya kitako, tarehe, nambari inayoonyesha ni cha ngapi kati ya vingapi, na daftari linalotaja nani alinunua na lini. Si kila seremala atakuwa Newson, wala si kila mfinyanzi atakuwa Odundo. Kipaji, elimu na jumba la maonyesho linalomwamini msanii havipatikani kwa kalamu. Sahihi, hata hivyo, haigharimu kitu, na bila hiyo hivyo vingine havina pa kuanzia.

Mfinyanzi hulia gaeni, husema methali. Walau gae hilo liwe na jina lake.