Ahadi ya Mtangazaji ni Deni

Wazee wetu walisema kuwa ahadi ni deni. Neno hilo nililisikia tangu utotoni chuoni, nami nikawa nalisema kama walisemavyo watu wote, bila ya kulipima uzito wake. Leo, ndugu msomaji, nataka nikueleze jinsi lilivyonielemea mimi mwenyewe, nikiwa mtu wa makamo na kazi yangu ni kusema.

Mimi ni mtangazaji wa redio hapa Mombasa. Kila Jumamosi baada ya swala ya alasiri huendesha kipindi cha simu za mkono, kompyuta na mambo ya intaneti. Kipindi chenyewe si cha mabingwa. Wasikilizaji wangu ni mama aliyeletewa simu na mwanawe kutoka Jidda naye hajui kuiwasha. Ni fundi cherehani wa Majengo ambaye simu yake imejaa picha za mishono. Ni kijana wa Kisauni atakaye kununua kompyuta kuukuu na hataki kutapeliwa. Na mwisho wa kila kipindi nilikuwa na kauli yangu: "Niandikieni kwa barua pepe, nami nitamjibu kila mmoja wenu."

Walio rika langu watazikumbuka kadi za salamu. Zamani za Sauti ya Kenya, kabla haijageuzwa jina kuwa KBC mwaka 1989, aliyetaka jina lake lisomwe hewani alinunua kadi, akaijaza majina ya ndugu na marafiki, kisha akaipeleka posta. Gharama ile ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa kama bawabu aliyekaa mlangoni. Mtu hakuandika kadi kumi kwa siku moja. Barua pepe imemwondoa bawabu yule. Mwenye kuandika hutoa kidogo mno au hatoi kitu, na mzigo wote humwangukia mwenye kusoma.

Wala jambo hili halikuanza jana. Ray Tomlinson, Mmarekani aliyepeleka barua ya kwanza kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa njia ya mtandao, alifanya hivyo mwaka 1971, na ndiye aliyeichagua alama ya @ ili kutenga jina la mtu na jina la kompyuta. Haikupita miaka mingi. Mwaka 1978 mfanyabiashara mmoja, Gary Thuerk, aliwapelekea watu wapatao 400 tangazo la kompyuta kwa mpigo mmoja, na wengi wakakasirika. Hiyo ndiyo hutajwa kuwa barua taka ya kwanza.

Basi turudi kwangu. Miezi ya mwanzo nilipata barua ishirini kwa juma, nikizijibu kwa furaha huku nikinywa kahawa. Baada ya mwaka, Jumapili moja peke yake ilikuwa ikiniletea mia tatu. Humo mna maswali, mna shukrani, mna matusi, mna matangazo ya dawa za nguvu, na mna watu wasionijua waniambiao kuwa nimerithi mamilioni. Nikawa nalala saa saba za usiku na bado sanduku halipungui. Lakini kila Jumamosi ulimi ulirudia kauli ile ile.

Ikanibidi niitegemee mashine initenganishie nafaka na makapi. Chujio la barua taka hufanya kazi kwa kuhesabu maneno. Mwaka 2002 Paul Graham, mtunzi wa programu wa Marekani, alieleza kwa maandishi jinsi ya kulitengeneza kwa kutumia kanuni ya Thomas Bayes, kasisi wa Kiingereza wa karne ya 18. Wewe huionyesha mashine barua unazozitaka na usizozitaka. Nayo hutazama maneno gani huonekana sana upande gani, kisha hupima kila barua mpya. Ni mwanafunzi mwema. Lakini mwanafunzi hafunzwi ila kwa mwalimu wake, na mimi mwalimu nilikuwa na haraka. Kila nilipoona barua yenye maneno "pesa", "namba ya siri" na "haraka", niliitupa jaani bila ya kuisoma. Mashine ikajifunza kwangu.

Siku moja, katika kutafuta barua ya mtu mwingine iliyopotea, nikalifungua jaa lile. Nikakuta barua mbili za bibi mmoja wa Malindi, alizoandikiwa na mjukuu wake. Ya kwanza ilikuwa na siku kumi na tisa. Baada ya salamu alisema hivi: kuna mtu anipigia simu kila siku, asema atoka kampuni ya simu, ataka namba yangu ya siri ili anitilie pesa zilizokwama, je, nimpe? Ya pili aliiandika siku nne baadaye. Alisema: nimengoja jibu sikuliona, nikaona pengine ni jambo la kawaida, nikampa, pesa zangu zote za umra zimekwenda.

Niliondoka kitini nikasimama dirishani, nisijue la kufanya. Kisha nikampigia simu, nikamtaka radhi.

"Sikulaumu, mwanangu," akaniambia. "Aliyeniibia ni yule. Lakini wewe ulisema nikuandikie, nikakuandikia, nikangoja. Lau ningalijua kuwa hujibu, ningalimuuliza jirani."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonichoma. Nilikuwa nikidhani kuwa kutojibu ni kumnyima mtu faida yangu tu. Kumbe ahadi ile ilimfungia na milango mingine. Jirani yake angalimjibu kwa neno moja.

Tangu siku ile nilianza kutazama wengine waliofikwa na mafuriko haya walifanyaje. Donald Knuth, bingwa mkubwa wa sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Stanford, aliiacha barua pepe kabisa tarehe 1 Januari 1990, baada ya kuitumia kwa miaka kama 15, akataka watu wamwandikie kwa posta. Lawrence Lessig, profesa wa sheria, mwaka 2004 aliwatangazia waliomwandikia kuwa amefilisika kwa barua pepe: deni la majibu limemshinda, na anaomba radhi. Naye Leo Laporte wa California, aliyeendesha kipindi cha redio cha kompyuta kuanzia 2004 hadi 2022, alikuwa akiwajibu watu kwa simu hewani, mmoja akiuliza na maelfu wakisikia. Njia zao ni mbalimbali, lakini hakuna hata moja imwachayo mtu akibisha hodi asijue kama nyumba ina mwenyewe.

Nami nikabadili mwendo. Swali waulizalo wengi hulijibu hewani. Saa moja baada ya swala ya alfajiri ni ya barua, na kabla ya lolote huanza na jaa, kwani nimejua kuwa mtu aulizaye habari za wizi huandika maneno yale yale ayatumiayo mwizi. Barua ya mtu aliye hatarini huitangulia ya mtu atakaye kununua simu mpya. Nawe msomaji, unapomwandikia mtu mwenye barua nyingi, tia shida yako katika kichwa cha barua na useme katika mstari wa kwanza unalolitaka. Utamsaidia akusaidie.

Likabaki jambo moja la kunitia wasiwasi. Karibu kila barua hufunguliwa kwa salamu, na tumefunzwa kuwa kuanza salamu ni sunna na kuitika ni wajibu. Nikamwendea sheikh wangu, nikamwambia kuwa salamu nilizo nazo ni mamia. Akatabasamu, akanieleza kuwa salamu ya barua huitikiwa kwa ulimi pale pale uisomapo. Tangu hapo kila asubuhi wanangu hunisikia nikisema "wa alaykumu salaam" mbele ya kompyuta, mara hii na mara hii tena, nao hucheka.

Kauli yangu ya mwisho wa kipindi pia nimeigeuza. Yule bibi wa Malindi bado hunisikiliza, naye aliniambia kuwa hii ni bora. Sasa husema: "Niandikieni. Nitazisoma zote, na nitajibu niwezazo. Lakini mtu akikutaka namba yako ya siri, usiningoje mimi. Kata simu."